Nilipousahihisha Mto

Juzi jirani yangu hapa Dilala, mjini Kolwezi, alipaka geti lake rangi ya mafuta, nyeusi, ile inayotiwa petroli kidogo ili ilainike. Harufu iliingia kwa dirisha la jikoni nikiwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nikaacha mchi ndani ya kinu na kukaa chini. Watu wa rika langu mnalijua jambo hili. Unanusa kitu kimoja tu, na kichwa kinakwenda mahali ambapo hukukiruhusu kiende. Mimi nilikwenda mtoni, kwa sababu kila kiangazi, maji yakishapungua, baba yangu aliteremka na kopo la rangi kama ile na kijiti kilichochongwa, akazichora upya namba za ubao wa kipimo moja moja, na mimi nikimshikia kopo. Tulimzika si zamani. Kwenye matanga watu walisimulia mengi mazuri juu yake, lakini hili nitakalolisema hapa hakuna aliyelisimulia, maana waliolijua tulikuwa watatu nyumbani na mtu mmoja wa ofisi.

Tuliishi nje ya Kolwezi, upande wa vilima, pale mto mdogo unaposhuka mbiombio kati ya mawe kabla ya kutulia na kuitafuta Lualaba. Watu waliuita Kamulonga, yaani kajito tu, jina lenye dharau kidogo, kwa kuwa kiangazi hata mbuzi aliuvuka bila kulowesha tumbo. Wakati wa mvua hakuna aliyeudharau. Ofisi moja ilitaka kujua kama maji yale yangeweza kuzungusha mashine ndogo ya umeme, basi wakasimamisha ubao mrefu mweupe kwenye ukingo, wenye namba za sentimita, wakamwajiri baba. Watu wote walimwita Tata Mado, yaani baba wa Mado, kwa kuwa Mado ndiye mimi. Kazi yake ilikuwa kushuka mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kutazama maji yamefika namba gani, kuiandika katika daftari na kutia sahihi. Wanaume waliotoka migodini walimcheka kwamba analipwa kwa kutazama maji. Lakini ni maji hayo yaliyonipeleka shule.

Kabla yake kulikuwa na msomaji mwingine, ambaye mvua ikinyesha hakutoka nje. Alijifunika blanketi, akabuni namba, akaziandika kwa mwandiko mzuri. Ofisi ilimgundua na kumfukuza, na tangu siku hiyo kwetu kulikuwa na msemo wa aibu: kusoma kitandani. Ukimwambia mtu kwamba anasoma kitandani, umemtukana yeye na ukoo wake. Baba aliogopa neno hilo kuliko ndui. Aliteremka kwenye radi, aliteremka siku ya Noeli, aliteremka siku aliyomzika mdogo wake, akiwa bado na udongo wa kaburi kwenye viatu.

Kila baada ya miezi michache mhandisi alikuja kutoka Lubumbashi, kijana mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni. Alileta fimbo ya chuma yenye panga boi ndogo mwishoni. Aliingia majini hadi kiunoni, akavuka hatua kwa hatua akishikilia kamba iliyofungwa kutoka ukingo hadi ukingo, na kila hatua alipima kina na kuizamisha fimbo. Maji yakiizungusha ile panga boi, kengele ililia ndani ya kisanduku kilichoning'inia shingoni mwake. Katikati ya mto kengele ilikimbia, pembeni kwenye matete ilisinzia. Mimi nilihesabu milio huku baba akitazama saa. Kisha mhandisi alikaa juu ya jiwe, akazidisha na kujumlisha, akasema ni lita ngapi zinazopita kila sekunde ubao ukiwa kwenye namba ile. Alifanya hivyo mto ukiwa chini, ukiwa katikati, ukiwa juu, mpaka akapata kuchora mstari mmoja uliopinda, na kutokana na mstari huo akatuletea jedwali. Kushoto namba ya ubao, kulia kiasi cha maji. Tangu hapo hakukuwa na haja ya mtu kulowa kila siku. Unausoma ubao, unatazama jedwali, unajua mto unabeba nini.

Jedwali lile lilikuwa na jambo la ajabu. Kutoka thelathini hadi sitini maji hayakuwa mara mbili, yalikuwa mara nne na zaidi. Nilidhani mhandisi amekosea hesabu. Baba alinieleza akiwa anapiga mswaki:

"Mayi ikipanda, haipande tu. Inapanuka, na inakimbia zaidi kupita mbele. Njo maana."

Nililikariri jedwali kama nilivyokariri katekisimu, mstari kwa mstari, na hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Katekisimu inauliza, unajibu, na jibu halibadiliki hata ufe. Nikaamini kwamba jedwali nalo ni hivyo, kwamba ofisi huko Lubumbashi imeliandika na mto unalitii. Ikisemwa sitini, mto unatoa maji ya sitini, hauna ruhusa ya kutoa mengine. Sikuwaza kwamba mhandisi aliufuata mto na kuandika alichokiona. Kwangu mimi mto ndio uliomfuata mhandisi.

Mama yangu hakuwa na habari na jedwali. Alikuwa na shamba la mihogo ng'ambo, na alivuka mara tatu kwa wiki kwenye kivuko kilicho juu kidogo ya ubao, pamoja na wanawake wengine, kila mmoja na kitunga kichwani. Wao walipima kwa miguu. Maji ya kifundo, maji ya goti, maji ya kikwembe, yaani ya kulowesha kitenge kiunoni, na hayo ya mwisho ni ya kurudi nyumbani. Hata hivyo asubuhi walipenda kuniuliza kwa sauti, wakiwa juu ya njia: "Mado, ngapi leo?" Nami nilijibu kwa Kifaransa, kama kwetu tunavyohesabu wote, soixante kwa sitini, nonante kwa tisini. Nilijiona mtu mkubwa. Baba alikuwa amewaambia kwamba ikizidi septante, yaani sabini, mwanamke mwenye mzigo asivuke.

Msimu mmoja wa mvua wachimbaji walianza kufika upande wetu. Walikuwa vijana kutoka Kasai, Manono, kila mahali, na mifuko ya mawe ya kijani na meusi waliyoyatoa vilimani. Waliyaosha mtoni. Chini kidogo ya ubao kulikuwa na safu ya mawe makubwa iliyokata mto kama kizingiti cha mlango, na maji yalijikusanya nyuma yake kabla ya kumwagika. Kwa mtu anayeosha madini maji yaliyojikusanya hayamfai, anataka yanayokimbia na kuchukua udongo. Jioni moja, nikirudi kuchota maji, niliwaona kama kumi hivi wakiyang'oa mawe yale kwa nondo na kuyasukuma kando, wakiimba. Nilisimama kuwatazama kwa muda. Niliona watu wanaofanya kazi kwa umoja, nikaenda zangu.

Siku chache kabla ya jioni hiyo baba alikuwa ameshikwa na malaria. Si ile ya siku tatu. Alilala, akatetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, akawa wa manjano machoni. Sindano alichomwa, dawa chungu alikunywa, lakini miguu ilikataa kumbeba. Siku ya pili aliniita akanipa daftari.

"Mado, utashuka mu pahali yangu. Unaandika kintu unaona. Hapana kintu unawaza. Unasikia?"

"Nasikia, tata."

"Mayi inacheza-cheza. Unangoya ipande, unangoya ishuke, unakamata katikati. Njo unaandika."

Jioni nilimletea daftari, akatia sahihi akiwa amelala, bila kutazama namba. Sahihi yake ilikuwa imepinda kwa homa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sijawahi tena kuaminiwa na mtu kiasi kile.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Asubuhi kulikuwa na ukungu baridi, majani yalinilowesha hadi magoti, na mto ulinuka tope na mizizi iliyong'olewa. Niliandika themanini na tatu, themanini na sita, themanini na nane. Kisha usiku mmoja mvua ilipiga mabati bila kupumzika, na asubuhi nikashuka nikitegemea tisini na kitu. Ubao ulisema hamsini na nane.

Nilijifuta macho. Juu ya maji, ubao ulikuwa na mkanda wa tope mbichi kuonyesha yalipokuwa jana. Maji yenyewe yalikuwa mekundu, yenye povu, yakipita kwa kelele. Kwenye jedwali hamsini na nane ni maji ya wiki za kwanza za mvua, maji mapole. Haya hayakuwa mapole. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, nikijaribu kufikiri. Mvua kubwa, mto mkali, namba ndogo. Jedwali haliwezi kukosea, hivyo mto ndio uliokosa adabu. Halafu nikawaona wale wa ofisi wakilifungua daftari, wakiona mvua imenyesha usiku kucha na namba imeporomoka, wakisema kwa sauti moja kwamba Tata Mado anasoma kitandani. Na ni kweli alikuwa kitandani. Nikaandika tisini na mbili.

Nitasema ukweli: baada ya hapo sikuteseka sana. Niliendelea kushuka asubuhi na jioni, maana kushuka ni wajibu, nikatazama ubao, halafu nikaandika namba ambayo mto ulipaswa kuwa nayo. Mvua ikinyesha niliongeza tatu au nne. Siku kavu nilipunguza mbili. Nilikuwa na mkono mzuri wa kazi ile, namba zangu zilipanda na kushuka kwa heshima zote. Niliona namsaidia baba, namsaidia mhandisi, na zaidi ya wote nausaidia mto usionekane mbaya. Leo mimi ni muuguzi, na nikikuta karatasi ya homa ambayo mstari wake ni mzuri kupita kiasi, namtafuta aliyeiandika nimuulize kipimajoto kiko wapi.

Walioniona mwongo walikuwa wanawake wa kivuko. "Mado, ngapi leo?" Nilijibu nonante, wakatazama chini, wakaona maji ni ya goti tu, wakacheka. "Huyu mutoto analala bado," alisema mmoja wao, wakavuka. Jioni moja mama alirudi amelowa mpaka kifuani na bila kitunga chake. Alikaa karibu na baba, akakamua kikwembe, akasema, "Mayi iko kidogo, lakini inavuta. Inavuta vibaya." Baba aliguna ndani ya blanketi. Mimi nilikuwa mezani na kalamu, nikiandika namba yangu ya jioni, na sikuinua kichwa.

Siku ya kumi na moja ya namba zangu mhandisi alifika bila taarifa, asubuhi, juu ya pikipiki iliyojaa tope. Aliweka fimbo yake chini, akaomba daftari. Akafungua ukurasa, akasoma namba niliyoiandika saa moja tu kabla: tisini na moja. Kisha akautazama ubao. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Tata Mado iko wapi?"

"Iko mugonjwa," nilisema. "Iko ku nyumba."

"Enda umwite."

Baba alikuja akiegemea fimbo na bega la mama. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka nje kwa zaidi ya wiki mbili, na jua lilimtoa machozi. Alipofika ukingoni aliutazama ubao kwanza, kabla hata ya kumsalimu mgeni. Nilimwona akisoma. Alisoma mara mbili, kisha akageuka polepole, na hakumtazama mhandisi, alinitazama mimi.

"Hapa kunaandikwa nonante et un," mhandisi alisema. "Ubao uko ku soixante. Nani alisoma?"

"Sinyatire ni yangu, shefu," baba alijibu, akiigusa sahihi yake.

"Hapana sinyatire. Nauliza nani alisoma."

"Ni mi," nilisema.

"Uliona ngapi?"

"Soixante."

"Na juu ya nini uliandika nonante et un?"

Nilieleza. Sikumbuki maneno, nakumbuka kwamba niliyasema nikilia na kwamba yalionekana ya kijinga kadiri yalivyotoka. Mvua, jedwali, mto uliokosa adabu, kusoma kitandani. Baba aliketi juu ya jiwe. Mhandisi aliweka daftari kando. Alifunga kamba yake kutoka ukingo hadi ukingo, akaingia majini, na kengele ikaanza kulia. Hakuna aliyeniambia nihesabu, lakini nilihesabu. Ililia haraka kuliko nilivyowahi kuisikia, na katikati ya mto yeye mwenyewe aliyumba, akashika kamba kwa mikono miwili.

Alipotoka alikaa, akapiga hesabu, akaipiga tena. Halafu akaanza kucheka.

"Tata Mado, ona. Mayi yenye kupita leo ni ile ya nonante ya ku tableau. Ubao unasema soixante, lakini mayi ni ya nonante. Bongo ya mutoto njo iko karibu na kweli."

Bongo, kwetu, ni uongo. Alisimama, akatembea kufuata ukingo, akafika pale palipokuwa na kizingiti cha mawe, akasimama na mikono kiunoni. Aliporudi alizungumza na mimi, si na baba, na nilishangaa kwamba hakufoka.

"Mado, unasikia. Ubao unasema mayi iko juu namna gani. Hausemi iko mingi namna gani. Kati ya hizo mbili kuko mawe. Mawe ilikuwa inakamata mayi hapa, mayi inapanda. Sasa batu baliondoa mawe, mayi inapita mbio, inashuka. Tableau ile ilikuwa ya mawe ile. Leo ilishakufa."

Ilishakufa. Jedwali lile nilikuwa nikilikariri kila usiku kabla ya Baba Yetu.

Mhandisi alilipiga daftari kwa kidole. Alisema tuache kama ilivyo. Yeye atatengeneza jedwali jipya kuanzia leo, na siku zile nilizobuni, ukizipitisha kwenye jedwali la zamani, zinatoa kiasi cha maji kisicho mbali na ukweli. Namba za kweli za ubao zingetoa kiasi cha uongo. Hakuna aliyeumia, hakuna atakayejua.

Baba alinyoosha mkono apewe daftari.

"Shefu, huyu mutoto hakusoma. Aliwaza."

"Aliwaza muzuri."

"Aliwaza muzuri mara hii."

"Tata Mado." Mhandisi alishusha sauti. "Ukifuta, ni siku mingi bila kusoma. Unajua sheria. Zikipita kumi, nabadilisha musomaji. Si mi njo niliandikaka sheria."

"Najua."

"Na kazi?"

"Najua, shefu."

Sote tulijua. Nilitaka kumwambia baba aache, kwamba kosa ni langu na namba si mbaya, lakini aliniwahi. Akaniuliza namba ya kwanza ya uongo iliandikwa siku gani. Sikuweza kuitambua, maana tisini na mbili ilikuwapo mara kadhaa. Nilikuwa nimezipanga vizuri mno, mwanzo wake haukuonekana, na alipopeleka kidole juu ya ukurasa na kusema "Hii? Hii?" nilitikisa kichwa tu, mara ndiyo mara hapana.

Mama ndiye aliyejibu.

"Ni ile siku ya kisha soko, asubuhi. Mayi ilikuwa mu kikwembe siku ya soko, kesho yake ikakuwa mu goti. Mu goti, lakini inavuta. Siku ya pili yake njo nilianguka. Mama wa kule kwa moulin ya unga alinikamata ku nywele. Kitunga ilienda."

Alisema kwa sauti ile ile ambayo angetumia kueleza bei ya chumvi. Mhandisi alihesabu, zikawa siku kumi na moja, akaandika. Mimi nilimtazama mama, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba jioni ile aliporudi amelowa alikuwa ameponea kufa. Kama ningempelekea baba ile hamsini na nane, yeye, hata na homa, angejua kuna jambo, na angewaambia wanawake wasivuke. Hilo sijamalizana nalo mpaka leo.

"Mama Mado," mhandisi alisema, "juu ya nini haukusema?"

"Nilisema. Tata yake alikuwa na homa, na Mado alikuwa na kaye," alijibu, akilionyesha daftari.

Baba alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya kila namba, ishirini na moja, kwa kuwa ya jioni ya siku ile ilikuwa bado. Kando, palipoandikwa sababu, aliandika: msomaji alikuwa mgonjwa. Jina langu hakuliandika. Akatia sahihi, na safari hii sahihi haikupinda. Mhandisi alilichukua daftari. Alikuwa anahitaji mtu wa kusoma ubao mara nyingi kila siku, sasa hivi, ili apate jedwali jipya kabla ya mvua kuisha, na hakuwa na mtu.

"Mama Mado, unajua kusoma namba?"

"Nauzisha sombe ku soko tangu zamani. Namba njo nini?"

Aliandikwa kuwa msomaji wa muda. Muda ule ulidumu miaka sita, mpaka mafuriko yalipoubeba ubao wenyewe. Wachimbaji walikuja wakachukua mawe mengine, wakarudisha mengine, na kila mara mama alikuwa wa kwanza kutuma habari kwamba jedwali limekufa tena, maana aliteremka na daftari, akasoma ubao, kisha akaingia majini mguu mmoja kuhakikisha.

Baba alianza kutengeneza baiskeli kando ya barabara. Hakunipiga, na hakulizungumza jambo lile hata siku moja, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko kipigo. Asubuhi aliamka saa ile ile kwa mazoea, akakaa mlangoni na kikombe, akimngoja mama apande kutoka mtoni. "Ngapi?" alimuuliza. Mama akamwambia. Mimi nilikuwa pale pale nikifunga kamba za viatu, wala hakunigeukia. Nilikuwa nikijisemea kwamba ametoa kazi yake kwa ajili ya namba ishirini na moja, na kwamba mimi kwake sasa ni kama yule msomaji wa blanketi.

Mwaka uliofuata dada ya mama alifariki huko Dilolo, na mama akapanda treni kwenda matanga. Treni ile kila mtu anaijua, ukiondoka hujui utarudi lini. Jioni alipoondoka baba alisoma ubao mwenyewe, arobaini na nne. Niliona kwamba kupanda kurudi kulimchosha mno, alishika kifua. Asubuhi alikuwa ameshakaa chini mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, akitafuta tundu la mpira kwenye beseni la maji. Daftari lilikuwa mezani. Bila kugeuza kichwa alisema:

"Mado, enda usome."

Nilishuka nikikimbia. Usiku kulikuwa na nyota, hakuna tone lililoanguka, vumbi la njia lilikuwa kavu. Nilipofika mtoni maji yalikuwa kwenye sitini na saba. Nilingoja yapande, nikangoja yashuke, nikachukua katikati. Sitini na saba. Pengine ilikuwa imenyesha mbali huko vilimani, pengine kuna mtu aliyeziba mahali au kuzibua mahali, sikujua, na mpaka leo sijui. Nilijua tu kwamba jana ni arobaini na nne na mvua hakuna, na kwamba ningekuwa mimi ndiye baba, na binti yangu ndiye yule wa mwaka jana, nisingeiamini namba hiyo.

Nilipanda polepole. Nikasimama nyuma yake.

"Soixante-sept," nilisema.

Mikono yake ilisimama ndani ya beseni. Alitazama mbingu, ambayo ilikuwa buluu mpaka mwisho wake. Akanitazama mimi. Kisha akajifuta vidole kwenye suruali, akafungua daftari juu ya goti, akaandika sitini na saba na kutia sahihi kando yake.

"Kunywa chai," alisema. "Utachelewa ku masomo."

Nilikunywa. Nilichukua mfuko wa shule nikaondoka, lakini penye kona nilijificha nyuma ya ua wa matete nione kama atateremka kuhakikisha. Nilingoja mpaka kengele ya shule ikalia kwa mbali. Hakuteremka.